Barua kwa mjukuu wangu kinyozi

Kanyigo, Kagera

Mjukuu wangu mpendwa,

Huku hatujambo, isipokuwa goti la bibi yako ambalo limeanza tena na mvua hizi. Migomba imesimama vizuri. Ujumbe wako wa sauti dada yako aliniwekea kwenye simu yake, nikausikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilimwomba atoke nje aniache nao. Ndipo nikaona niandike, maana kwenye simu salio huisha sijafika hata kwenye jambo lenyewe.

Umesema ukipiga magoti usiku baada ya kufunga saluni, dakika mbili tu maneno yamekwisha, na akili imeshakwenda kwenye kodi ya fremu na umeme wa luku. Ukasema pia kwamba kwenye mkesha wenzako wanaomba mpaka mishipa ya shingo inawatoka, wewe umesimama kama mtu aliyeingia msiba asioujua. Hilo la pili lilinichekesha, unisamehe. La kwanza halikunichekesha, kwa sababu limewahi kunipata mimi mwenyewe, mwinjilisti mzima, nikiwaongoza wengine katika sala kila Jumapili.

Ngoja nikuambie habari ya kinyozi mwenzako. Mwaka 1535, huko Wittenberg, Ujerumani, kinyozi mmoja aitwaye Peter alimwuliza Martin Luther swali lako hilihili: mtu wa kawaida asali vipi? Luther alikuwa profesa mwenye kazi nyingi na maadui wengi zaidi, lakini alikaa akamwandikia kijitabu kizima. Humo akamkumbusha kazi yake ya kila siku. Kinyozi anayepiga soga huku macho yanazurura, atamkata mtu pua, au koo. Wembe unataka macho na mawazo pamoja. Sala nayo ni hivyo.

Nilipolisikia hilo mara ya kwanza, nikiwa masomoni, nilidhani maana yake ni kujilazimisha, kukunja uso na kubana akili isitoroke. Nilijaribu miaka mingi, nikaishia kuumwa kichwa. Nimelielewa juzi tu, Krismasi ile uliponinyoa hapa uani. Redio inapiga, watoto wanakimbiza kuku, wewe unabishana na binamu yako habari za Simba na Yanga. Ulipofika nyuma ya sikio langu la kushoto, kwenye kile kivimbe, ukanyamaza. Nilisikia hata pumzi yako imesimama. Hakuna aliyekuambia unyamaze, wala hukujikaza. Ulijua tu kwamba chini ya wembe kuna ngozi ya babu yako.

Basi tatizo lako, kama ninavyoliona, si uhaba wa maneno. Unaanza kusema kabla hujamkumbuka unayesema naye. Ukipiga magoti, nyamaza kwanza. Ukae hivyo mpaka ujue uko mbele ya nani, hata kama ni kwa muda wa kuhesabu pumzi ishirini. Siku nyingine utaishia hapohapo, na utakuwa umesali.

Halafu shika Sala ya Bwana, lakini usiikimbize. Luther alimfundisha Peter achukue sentensi mojamoja, katika sala hiyo, katika Amri Kumi au katika Zaburi, na kila moja aiulize inanifundisha nini, inanipa nini cha kushukuru, inanionyesha kosa gani, na niombe nini. Moyo ukinaswa mahali, alisema, yaache mengine yote ubaki hapo. Mimi niliwahi kunaswa kwenye msamaha. Mathayo pale ametumia neno la deni, na wewe mwenye daftari la wateja wa "nitakulipa kesho" unaijua ladha ya neno hilo. Jirani yetu wa upande wa bondeni alikuwa amesogeza mpaka wa kibanja hatua nne akang'oa na mimea ya mpaka. Kila asubuhi nikifika kwenye sentensi ile nilikuwa nakohoa. Nakuambia kweli, nakohoa, kisha naruka kwenda kwenye majaribu. Ilinichukua miezi saba kuisema yote bila kukohoa. Ardhi hajarudisha mpaka leo. Tunasalimiana.

Habari ya Peter sijaimaliza. Pasaka ya mwaka uleule alikuwa mezani kwa mkwewe, mume wa binti yake, na alikuwa amelewa. Akamchoma kisu, yule kijana akafa. Marafiki zake, Luther akiwemo, walimwombea asiuawe, naye akahukumiwa kuondoka mjini. Watu wengi wanaokisifu kijitabu hicho hawalisemi hili. Mimi nalisema, kwa sababu nimewaona waombaji hodari wakirudi nyumbani kuwapiga wake zao. Kwa hiyo ukimaliza kusali jioni, jiulize pia umemjibuje mteja aliyekukera.

Sasa habari ya saa. Usiku umechoka, na Mungu unampelekea makombo. Marko anasema Yesu aliamka kungali giza akaenda mahali pasipo watu. Danieli alikuwa na nyakati tatu kwa siku, na Wakristo wa mwanzo walifundishwa kuisema Sala ya Bwana mara tatu kila siku. Wewe anza na wakati mmoja. Najua unakaa chumba kimoja na mwenzako, hakuna pa kujifungia. Lakini fremu unayo. Fika dakika kumi na tano kabla ya kufungua, simu iache kwenye droo ya mashine, ukae kwenye kiti cha mteja. Kigeuze kisitazame kioo. Kila siku wewe ndiye unayesimama. Asubuhi kaa wewe.

Babu yako mkubwa, yaani baba yangu, alikuwa mmoja wa walioguswa na uamsho ule uliotoka Rwanda ukapitia Uganda hadi kufika kwetu Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930. Nikiwa mdogo nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukojoa, namkuta amepiga magoti kwenye kisanduku chake cha mbao. Alikuwa na vikombe viwili vya bati na kahawa zetu hizi za kutafuna. Punje moja, jina moja. Anataja jina la mtu, ananyamaza, punje inahama kikombe. Ting. Mengine yote nilikuwa siyasikii ila ule mlio wa bati. Jirani zetu Wakatoliki walimtania kwamba amejitengenezea rozari, naye akawaambia rozari yao hailiki. Siku moja niliamka mapema zaidi nikasikia jina langu. Nina miaka themanini na bado nalisikia.

Kwa hiyo wewe unayeshika vichwa vya watu ishirini kwa siku huna sababu ya kukosa cha kuombea. Ukimfunga mteja kile kitambaa shingoni, mtaje kimoyomoyo. Hahitaji kujua.

Kuhusu mkesha, kumbuka Hana wa kwenye Biblia alipokuwa akisali. Midomo ilicheza, sauti haikutoka, na kuhani Eli akadhani amelewa. Usijipime kwa shingo za wenzako. Ila usiwadharau pia. Wengine wanalia kwa sababu wanazo za kulilia. Na yule rafiki uliyemtaja, anayekushauri utume hela upewe maji na mafuta ya upako ya kufungua biashara, usimpe hata shilingi.

Na utafika wakati ambapo hata hayo yote hayafanyi kazi. Tulipomzika shangazi yako sikuwa na neno langu mwenyewe la kumwambia Mungu. Nikawa nasoma Zaburi moja kwa siku, tu, bila kuongeza kitu. Ziko 150, nilizizunguka mara mbili na zaidi kabla sauti yangu haijarudi. Ya 88 inaisha gizani, haina hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na ndiyo niliyokuwa nikiirudia. Ikifika siku kama hiyo kwako, usijilaumu kwamba umerudi nyuma. Soma ya siku hiyo ukafungue saluni.

Bibi anauliza utakuja lini, na ukija uje na mashine, nywele zangu zimekuwa ndefu.

Kahawa nimempa dada yako, ataziweka kwenye basi la Alhamisi. Vikombe tafuta mwenyewe. Anza na punje kumi. Zilizomo ni nyingi kuliko unazohitaji, zitakazobaki tafuna.

Ni mimi babu yako.