Ukishindwa Kuniangusha, Usilaumu Ulimi Wangu

Unazijua hizo klipu. Mzee amevaa nguo za karate, mkanda mweusi umechakaa hadi unakaa kijivu. Mwanafunzi amesimama mbele yake ametulia kama mtu anangoja sindano. Mzee anamshika mkono, anambonyeza hapa, anamgonga shingoni na vidole viwili, na jamaa anaenda chini kama gunia la viazi. Watu wanapiga makofi. Mzee anampapasa mgongo, jamaa anaamka akiuliza ako wapi. Na hapo chini watu wamejaa wakiandika "nifunze hiyo, Sensei".

Mnanitumia hizi klipu kila wiki na swali ni lile lile: hii kitu ni ya ukweli ama ni drama?

Nijibu kabisa leo. Ndiyo, mwili una sehemu ambazo zikiguswa vibaya unazima. Lakini hauna swichi. Na mtu anayekuuzia swichi anakuuzia kitu ambacho kitakuacha kwa mataa siku ile utakihitaji.

Hii imani hatukuitoa hewani. Sisi tumelelewa na video za mtaani. Kama ulilipa shilingi kumi ukaketi kwa benchi kuangalia filamu ya Kichina DJ Afro akitafsiri, basi unakumbuka yule mzee wa ndevu nyeupe ambaye anakugusa mara moja, unacheka, unatembea hatua tano, unakufa. Hollywood nayo ikachukua hiyo stori ikaweka kwa Kill Bill ya pili, 2004. Wachina wana jina lake, dim mak, mguso wa kifo. Huko Marekani miaka ya 60 kulikuwa na jamaa wa Chicago aliyejiita Count Dante, alikuwa anatangaza siri za mguso wa kifo ndani ya vitabu vya katuni. Vitabu vya katuni, wasee. Yaani wateja walikuwa watoto tangu zamani.

Sasa tuje kwa yule aliyeifanya biashara kubwa. George Dillman, Mmarekani, bingwa wa karate wa ukweli ujana wake. Baadaye akaanza kufundisha nokauti za pointi, na ikafika mahali anasema hata kugusa si lazima, nguvu tu ya ndani inatosha. Katikati ya miaka ya 2000, National Geographic wakaenda kumfanyia kipindi. Wanafunzi wake waliangushwa bila shida yoyote. Kisha wakaleta mwanasayansi kutoka Italia, mtu wa nje, ambaye hakuwa na uadui na mtu. Akasimama. Wakajaribu. Akaendelea kusimama.

Dillman alipoulizwa imekuwaje, maelezo yake hadi leo ni ya kuchekesha. Kwanza, huyo mtu haamini. Pili, labda ulimi wake ulikuwa umekaa vibaya mdomoni. Tatu, labda alikuwa ameinua kidole gumba cha mguu mmoja na kushusha cha mguu mwingine.

Soma hiyo tena polepole. Mbinu ya kukuokoa na mwizi inazimwa na ulimi wa mwizi. Kwa hivyo ukikutana na jamaa ana kisu pale Globe saa tatu usiku, kwanza umwombe afungue mdomo uangalie.

Lakini msicheke sana, kwa sababu kuna upande mwingine wa hii kitu ambao unahuzunisha. Huko Japani kulikuwa na mzee anaitwa Yanagi Ryuken. Klipu zake ni moto: wanafunzi wanamkimbilia, anapunga mkono, wanaanguka wote bila kuguswa. Mwaka 2006 akakubali kupigana na mpiganaji wa mchanganyiko wa ngumi na mieleka. Kengele ikalia, mzee akainua mikono yake. Hakuna kitu. Akapigwa ngumi za uso, akatoa damu, mambo yakaisha haraka.

Mimi naona yule mzee hakuwa tapeli. Tapeli hangeingia ulingoni. Tapeli angesema ako na safari, ama mgongo unauma. Yeye aliingia kwa sababu aliamini. Miaka yote watu walikuwa wanaanguka mbele yake, na hakuna mwanafunzi hata mmoja alimpenda vya kutosha kubaki amesimama.

Kwani wanaanguka kwa nini? Wengi mnadhani wamelipwa. Wengine pengine. Lakini si lazima ulipwe. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Solomon Asch, miaka ya 50, aliweka watu kwa chumba akawaonyesha mistari na kuuliza upi unalingana na upi. Jibu liko wazi, hata mtoto wa chekechea anaona. Lakini wote chumbani walikuwa wake isipokuwa mmoja, na mara nyingine wote walitoa jibu moja la uongo kwa sauti. Yule mmoja akifikiwa anafanya nini? Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo wa kundi angalau mara moja. Na hiyo ni mistari tu kwa karatasi, na watu hata hawajuani.

Sasa jiweke kwa viatu vya mwanafunzi. Umelipa ada ya miezi sita. Mwalimu ni mtu unamheshimu kama baba. Wenzako kumi wameshaanguka. Zamu yako imefika, amekugonga shingo, imeuma kiasi, macho ya ukumbi wote yako kwako. Ukibaki umesimama umemwaibisha mzee mbele ya watu. Magoti yenyewe yanajua cha kufanya. Na ukishaanguka, ni ngumu kujiambia ulijiangusha.

Mambo yangebaki hapo ningeyaacha. Mtu mzima akitaka kuanguka Jumamosi kwa pesa yake, aanguke. Kilichonifanya niandike ni binamu yangu.

Yeye ako Form Three, na jioni anatoka tuisheni kukiwa na giza. Kuna kipande cha barabara kati ya stage na kwao hakina taa, sote tunakiogopa. Siku moja namwambia angoje nimchukue, ananiambia, "Wewe usijali. Mtu akinishika nabonyeza tu hapa, analala." Akanionyesha mahali chini ya sikio. Ameona kwa simu. Na mamake alikuwa karibu kumlipia mafunzo ya wikendi mbili, shilingi elfu tatu na mia tano, kwa mwalimu fulani hapa mjini anayefundisha mambo hayo hayo.

Nikaenda naye siku ya maonyesho ya bure. Sitataja mahali. Mwalimu alikuwa mtu mpole, hata nilimpenda. Akaangusha wanafunzi wake wanne, mmoja baada ya mwingine. Alipouliza kama kuna mgeni angependa kujaribu, nikainua mkono. Binamu yangu akanivuta shati, "Wacha, utaumia."

Akanibonyeza mkono. Kuuma, iliuma, siwadanganyi. Akanigonga upande wa shingo, si kwa nguvu sana. Nikasikia joto, nikapepesa macho. Nikabaki nimesimama. Akarudia. Bado. Ukumbi ukanyamaza ile kimya ya matangani. Akaniangalia akasema, "Kijana, wewe umekaza roho. Mtu akikaza roho hii haingii."

Nikamuuliza kwa heshima, "Sasa Mwalimu, mwizi huwa amelegeza roho?"

Hakunijibu. Aliita mwanafunzi mwingine, na huyo akaanguka vizuri.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Swali la kuuliza si "je, inafanya kazi?" Swali ni "je, inafanya kazi kwa mtu ambaye hataki ifanye?" Nyingine zote ni sarakasi.

Sasa haki ya upande wa pili, ndio msiseme naponda tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sijawahi kuwa daktari, lakini haya ni mambo yanajulikana. Kando ya shingo yako kuna mishipa mikubwa ya damu inayoenda kwa ubongo, na pale kuna sehemu inayopima presha. Ikigongwa, mwili unaweza kudanganyika kwamba presha imepanda, moyo unapunguza mwendo, na unasikia kizunguzungu ama unazirai kidogo. Huo ndio ukweli mdogo ambao juu yake wamejenga gorofa kumi za uongo. Ini nalo: mwaka 2004 Oscar De La Hoya alipigwa ngumi moja ya ini na Bernard Hopkins, akaenda chini akishindwa kuinuka, na yule alikuwa bingwa wa dunia. Kidevu nacho: kikipigwa kichwa kinazunguka ghafla, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, taa zinazima.

Na sisi watu wa Nairobi ndio hatufai kabisa kudanganywa, kwa sababu mbinu ya kuzimisha mtu inayofanya kazi tunaijua kwa jina. Inaitwa ngeta. Mtu anatoka nyuma, mkono shingoni, mishipa ya pande zote mbili inabanwa, damu haifiki ubongoni, na kwa sekunde 10 hivi uko chini, simu imeenda. Hakuna pointi ya siri hapo. Jamaa wa ngeta hakusoma Okinawa. Hakuulizi kama unaamini, hajali ulimi wako uko wapi. Na watu wengine hawaamki. Ukitaka kujua tofauti ya mbinu ya ukweli na ya maonyesho, ni hiyo: ya ukweli inaogopesha kila mtu, hata anayeitumia.

Angalia ulingoni. UFC ya kwanza, Denver, 1993, sheria karibu hazikuwepo, ilikatazwa kuuma na kutoboa macho. Kama kungekuwa na mtu ana kidole cha uchawi, hapo ndipo pesa ilikuwa. Royce Gracie alichukua ubingwa kwa kumwangusha mtu chini na kumpiga kabali. Na tangu siku hiyo mapambano yanaisha kwa njia zile zile: ngumi, teke, kabali, kiungo kukunjwa, ama refa kuhurumia mtu.

Kingine hawa walimu hawakwambii: nokauti si mchezo wa kuchezea kwa jukwaa. Robert Wangila wetu alishinda dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988 kwa kumzimisha Mfaransa Laurent Boudouani kwenye fainali. Kenya nzima ilisherehekea. Mwaka 1994 Wangila mwenyewe alipigana Las Vegas, akafa kutokana na majeraha ya kichwa. Huyo ni mtu alikuwa na mazoezi, refa, na daktari kando ya ulingo. Kwa hivyo mwalimu anayemgonga mtoto shingo kila Jumamosi mbele ya watu, ama hafanyi kitu, ama anafanya kitu hatari. Hakuna jibu la tatu.

Binamu yangu aliniuliza tukirudi, na sauti yake haikuwa ya kejeli: "Sasa nikishikwa nifanye nini?" Hilo ndilo swali la maana, na lina jibu, tena jibu la hapa hapa nyumbani. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wasichana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi waliofunzwa kujilinda. Hawakufunzwa siri za mababu. Walifunzwa kusoma hali mapema, kusema hapana kwa sauti kubwa bila kuomba msamaha, kupiga kelele, kupiga mahali pepesi kama macho na sehemu za siri, na kukimbia. Mwaka uliofuata zaidi ya nusu yao walisema wametumia mafunzo hayo kuzuia shambulio, na visa vya kushambuliwa kingono kati yao vikashuka kwa zaidi ya nusu.

Ona tofauti. Hayo mafunzo hayakuhitaji adui akubali chochote. Na sehemu kubwa ni mdomo na miguu, vitu ambavyo havipendezi kwa klipu ya sekunde kumi na tano.

Mamake hakulipa ile pesa. Binamu yangu sasa anaenda jimu ya ndondi karibu na kwao, ambapo siku ya kwanza alipigwa pua akalia, na hakuna mtu alimwambia ana nguvu za ndani. Kile kipande cha barabara bado hakina taa. Namngoja pale stage, tunatembea pamoja, na yeye anatembea akiangalia nyuma kama mtu mwenye akili.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa kwa mtu yeyote anayekuahidi nokauti ya kidole, mwombe kitu kimoja: anitafute mtu hamjui, ambaye hajalipa, ambaye anapinga kwa nguvu zake zote, halafu amwangushe. Akianza kukueleza habari ya imani yako, roho yako, ama kidole gumba cha mguu wako, chukua mkoba wako uende nyumbani mapema, kabla giza liingie.