Kifaru na popo

Mtoto wa darasa la saba, Karatu, alirudi nyumbani amenuna. Kwenye mtihani wa Kiingereza, penye "as blind as a...", alijaza "rhino". Mwalimu akaweka alama ya kosa.

"Baba, si ulisema kifaru haoni vizuri?"

Baba, dereva wa watalii Ngorongoro, hakudanganya. Kifaru haoni mbali, na popo si kipofu. Lakini Waingereza husema "as blind as a bat", na mtihani hutaka hivyo. Wazazi wengine wangekwenda kubishana na mwalimu.

"Sisi husema watu wamefanana kama nini?"

"Kama shilingi kwa ya pili."

"Ukiandika kama chungwa kwa la pili?"

"Nakosa." Akanyamaza. "Ila shilingi zinafanana kweli, baba."

Baba akacheka, akamwita wakale.