Viatu vya mbio: mguu ndio unaochagua

Katika Mitwaba, neno kukimbia lina uzito wake. Miaka ya 2005 na 2006, kisha tena baada ya 2011, familia nyingi za eneo hili ziliacha nyumba na mashamba zikakimbia vita. Katika neno hilohilo ndimo linamotoka jina mkimbizi. Leo kijana akisema anataka kukimbia asubuhi kwa ajili ya afya yake, wazee wengine wanacheka, wengine wananyamaza. Lakini anayo haki ya kukimbia bila kufukuzwa na mtu. Na ulizo lake la kwanza ni hili: nivae viatu gani?

Wasikilizaji wapendwa, ulizo hilo si la matajiri peke yao. Katika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, msichana wa Sudan Kusini, Rose Nathike Lokonyen, alikimbia kilomita 10 miguu mitupu, akafika wa pili. Akachukuliwa kwenda Ngong, karibu na Nairobi, kufanya mazoezi na Tegla Loroupe, bingwa wa marathoni. Agosti 2016 alibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio. Timu hiyo ilikuwa na watu 10, na wawili walikuwa Wakongomani wa mchezo wa judo: Popole Misenga na Yolande Mabika.

Mwenzao James Nyang Chiengjiek ameeleza upande mwingine. Walipoanza, waliazimana viatu, na wengi waliumia kwa sababu viatu havikuwafaa. Basi Kakuma inafundisha mambo mawili: kukosa viatu hakumzuii mtu kuanza, lakini kiatu kibaya kinaweza kumsimamisha.

Anayekwenda kutafuta basketi sokoni aende alasiri, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutembea kutwa. Avae soksi atakazokimbia nazo, na ajaribu viatu vyote viwili, kwa kuwa mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Akisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisichezecheze. Muuzaji akisema, "Kitalegea tu," asikubali haraka: kiatu kinachobana sokoni kitabana zaidi njiani.

Vilivyokwisha kutumika vinahitaji jicho zaidi. Viwekwe juu ya meza na kutazamwa kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, soli imeliwa na mguu wa mwenyewe wa kwanza, na mguu mpya utafuata upinde huo. Kikunjwe pia: kiatu kizuri hupinda pale vidole vinapopinda, si katikati. Soli ikiwa ngumu kama ubao, ni afadhali kukirudisha. Jina lililoandikwa ubavuni halisaidii kitu ikiwa ndani pamekwisha.

Katika familia iliyohama, jozi moja huvaliwa na ndugu wawili au watatu. Hakuna aibu katika kusaidiana. Ila kiatu kikimbana mdogo au kikimpwaya mkubwa, ni heri huyo atembee kwa sapatu zake siku hiyo kuliko kukimbia na kurudi na malengelenge.

Anayeanza hahitaji kukimbia mbali. Akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie, kwenye njia ya udongo isiyo na mawe. Maumivu yakizidi siku hata siku, apumzike na kukitazama kiatu chake.

Pesa ni chache, na jozi isiyofaa hununuliwa mara mbili. Tena mguu unaokimbia asubuhi ndio uleule unaokwenda shambani, kuteka maji na kubeba mzigo hadi sokoni. Mama akishindwa kukanyaga wiki moja, nyumba nzima inajua. Kwa hiyo, kabla ya kutoa franka, vaa viatu, tembea mbele ya muuzaji mpaka mguu utoe jibu, halafu ndipo uulize bei.