Mashine iliyonuka na ticha aliyefeli

Najua nimepotea wiki mbili. Ilikuwa test juu ya test, na boom lenyewe lilichelewa, kwa hiyo hata vocha ya kuingilia humu ilikuwa kasheshe. Leo nina kisa ambacho sikutaka kabisa kukiandika, kwa sababu mwenye kosa ni mimi.

Wale wa siku zote mnajua kwamba wikiendi nakwenda kufua kwa mama mdogo, Tabata. Huku hosteli maji yanatoka yanapotaka yenyewe, na ukianika jinzi nje inabidi ukae nayo kama mgonjwa. Mama mdogo ana mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, mtumba kutoka Ulaya. Maandishi yake Kijerumani kitupu na kitabu cha maelekezo hakikuja nayo. Ilipofika mwaka jana akaniita: "Wewe si ticha? Mfundishe dada kuitumia."

Dada ndiye anayemsaidia kazi za nyumbani, katokea Singida, kanizidi umri kidogo. Basi nikajifanya mtaalamu, nikamfundisha mambo matatu. Moja, sabuni ya unga ajaze droo mpaka juu ili nguo zitakate. Pili, aweke 30 siku zote ili tusimalize LUKU. Tatu, akimaliza afunge mlango mpaka ulie "ta". Somo dakika kumi, nikaondoka na nguo zangu safi.

Mwanzoni mwa mwaka huu nguo zikaanza kunuka uvundo. Siyo jasho, ni ile harufu ya tambara la kudekia lililosahaulika ndani ya ndoo. Zikiwa kavu unaweza usiisikie, ila ukishaloa jasho ndani ya daladala harufu inaamka. Siku moja kwenye lecture jamaa yangu akahama kiti, eti anataka kukaa karibu na feni. Feni ile haijazunguka tangu tuko mwaka wa kwanza.

Mama mdogo alikuwa ameshampata mkosaji. Jumamosi iliyopita nafika tu, ananiambia pembeni: "Huyu dada mwisho wa mwezi anarudi kwao. Analaza nguo kwenye mashine, anaanika jioni, baba yako mdogo anakwenda kazini ananuka." Dada alikuwa uani, na najua alisikia, maana kelele za ndoo zilinyamaza.

Nikaenda kuweka nguo zangu. Mashine ilikuwa tupu. Haikuwa imefuliwa tangu Jumatano kwa sababu umeme ulisumbua. Nikafungua mlango, harufu ikanipiga usoni. Nikasimama pale. Kama hakuna nguo ndani, kinachonuka ni nini?

Nikamwita dada. Akaja, akavuta ule mpira wa mlangoni, akaukunjua. "Kaka, si nilikwambia humu maji yanabaki?" Ni kweli aliniambia, wiki ya tatu tu baada ya somo langu. Nikamjibu kwamba ndivyo zilivyoundwa.

Kwenye mkunjo wa mpira kulikuwa na utelezi mweusi, nywele, na sarafu ya shilingi mia. Tukachomoa droo ya sabuni: unga umeganda kama saruji, na juu kwenye paa la tundu lake fangasi weusi wametapakaa. Chini mbele kuna kidude cha kuzungusha, ndiyo chujio. Tukaweka sinia, tukalilegeza taratibu. Maji yaliyotoka, wadau, sitayaelezea mtu akila. Ndani mlikuwa na soksi ya mtoto.

Tulifanya hivi. Plagi tuliichomoa kabla hatujagusa kitu. Mpira tuliufuta kwa kitambaa chenye jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, kisha tukaufuta tena kwa maji matupu. Droo na chujio tulisugua kwa mswaki wa zamani. Mwisho tukairudisha plagi, tukaizungusha mashine tupu kwenye 90, bila nguo wala sabuni. Zile mashine zinachemsha maji zenyewe. Angalizo: jiki usiichanganye na siki wala limau, inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Mashine ilipokuwa inazunguka ndipo hesabu ikanijia. Maji ya 30 hayayeyushi vizuri mafuta ya mwili wala hayaui bakteria, kwa hiyo utando unajijenga ndani taratibu. Sabuni nyingi, tena ya kufulia kwa mkono yenye povu jingi, haisuuziki yote, inabaki na kuganda. Ukifunga mlango, unyevu hauna pa kutokea. Mambo matatu. Yote matatu nilimfundisha mimi, na yeye aliyafuata bila kukosea hata siku moja. Kwenye kozi ya mbinu za kufundisha niliandika kurasa nne kwamba darasa likifeli, mwalimu ajikague kwanza. Nilipata B+.

Nilitamani nimwambie mama mdogo kwamba "mashine ilikuwa na tatizo" yaishe. Ingetosha kuondoa harufu. Ila yale ya kulaza nguo yangebaki juu ya dada. Nikaenda sebuleni nikasema yote, dada akiwa amesimama mlangoni. Mama mdogo akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe." Kisha akamgeukia dada: "Mwanangu, hebu njoo ukae, umeshinda umesimama." La kurudi Singida halijatajwa tena.

Sasa sabuni ni ile ya mashine, na kidogo. Mataulo na mashuka yanafuliwa kwa 60, nguo zinatolewa mara mashine ikisimama, mpira unafutwa, na mara moja kwa mwezi mashine inazungushwa tupu kwa maji ya moto. Mlango unaachwa wazi, na kwa kuwa kuna mtoto mdogo, tunafunga mlango wa chumba chenyewe asije akaingia ndani ya mashine. Ule wa mashine ukawa unajirudi, dada akaubana na ndala kuukuu. Hilo la ndala sikumfundisha mimi.

Haya wadau, mwezi ujao naanza TP, wanafunzi wa watu wananisubiri. Mniombee. Na mwanafunzi akininyooshea kidole kuniambia maji yanabaki, nitakwenda kuangalia.