Msumeno Unapolia Mno

Msimu wa mvua ulikuwa umekwisha kushika, na katika mtaa wa Carama, kaskazini ya jiji la Bujumbura, mkaratusi mmoja mkubwa ulikuwa umeinamia paa la mama mjane. Wakazi wa upande ule hawaifanyii mvua mzaha tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yalipobomoa nyumba na kuua watu wengi. Kazi ya kuuangusha mti ule walipewa mzee mmoja mpasua mbao na mwanawe, na chombo chao kilikuwa msumeno wa mnyororo wa zamani, ambao mzee aliulipia mkopo kwa miaka mitatu.

Msumeno uliwaka, ukalia kwa sauti kali ya juu, kisha ukazimika mara ulipogusa gogo. Ukawashwa tena, ukalia zaidi, ukazimika tena.

"Baba, nguvu unazo, sikia unavyolia," alisema kijana.

"Hiyo si nguvu, mwanangu. Hiyo ni njaa. Zima."

Yafaa msomaji aelewe neno hilo la mzee. Injini ya msumeno haina sehemu yake ya kuwekea oili. Oili huchanganywa na petroli, na katika mashine nyingi za zamani kipimo ni sehemu moja ya oili kwa ishirini na tano za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita. Basi petroli ikipungua, oili nayo hupungua. Injini huzunguka mbio, hupata moto, na pistoni hukwaruza silinda. Kununua hivyo viwili ni karibu sawa na kununua msumeno mwingine uliokwisha tumika.

Mzee alifungua ekzozi, akachungulia ndani kwa kurunzi. Palikuwa na mikwaruzo miwili mitatu, myembamba kama unywele. Bado haujafa.

Hapo kijana akasema lile alilolificha. Juma lililopita alikwenda kupasua mbao Bugarama, huko milimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Msumeno ukatoa moshi na kukwama, naye akaikaza skrubu ya petroli mpaka ukachangamka. Kule hakukosea sana, kwa maana hewa ya milimani ni nyepesi na petroli huzidi. Lakini Bujumbura iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Hewa ni nzito, na skrubu ile ile huunyima msumeno chakula. Mzee hakufoka (pengine afadhali angefoka), bali alimpa kijana bisibisi.

"Fungua kabureta wewe mwenyewe. Nami nitatazama."

Kitambaa cheupe kilitandikwa juu ya meza, na kila kipande kikawekwa kwa mpango kilivyotoka, kwa kuwa upande wa pampu na upande wa kupimia havipangwi namna moja. Upande mmoja gasketi hutangulia kwenye mwili wa kabureta, upande wa pili kiwambo ndicho hutangulia. Wengi huharibikiwa hapo. Kiwambo chenyewe, kilichopaswa kuwa laini kama ngozi changa, kilikuwa kimekauka na kukunjamana. Hakikuweza tena kusukuma kile kijiti kinachoinua sindano ya petroli. Kwa hiyo skrubu ilikuwa nusu tu ya kosa, na uso wa kijana ukanyooka kidogo.

Jirani alishauri wakate mpira wa baiskeli. Mzee alikataa: mpira ule ni mnene, na petroli huuvimbisha. Kijana alitumwa Buyenzi, kwenye magereji, akarudi alasiri na viwambo, gasketi na sindano mpya. Matundu yalisafishwa kwa petroli na kupulizwa kwa mdomo. Hapakupitishwa waya, usije ukayapanua.

Skrubu zilikazwa polepole hadi zikagusa, kisha zikalegezwa mzunguko mmoja mmoja. Msumeno ukawashwa. Mzee alifumba macho akasikiliza, akaashiria kwa kidole: legeza kidogo. Sauti ikakwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kabla ya kukata, kwani ndani ya gogo mlio hutulia wenyewe.

Kesho yake asubuhi mkaratusi ulifungwa kamba, ukakatwa matawi kwanza, kisha ukalazwa upande wa njia, mbali na paa. Yule mama aliwaletea chai.

Kijana alipokuwa akirudisha vyombo, alichukua kalamu ya risasi akaandika ndani ya kifuniko cha sanduku: "Carama, mzunguko mmoja na robo." Chini yake akaandika: "Bugarama," akaacha nafasi.