Kabla Hujaenda Jangwani

Mwanangu,

Mama yako ameshapasuliwa jicho na sasa anaona vizuri, mihogo imekubali, na mpwa wako amepata chuo. Hayo yanatosha, siyo niliyoshikia kalamu.

Dada yako ameniambia umejiandikisha kukimbia Marathon des Sables, kule Moroko. Hilo pekee lisingeniondolea usingizi. Lililoniondolea ni hili: kwamba daktari aliyekuwekea vile vibomba viwili kwenye mishipa ya moyo amekataa kukusainia cheti, nawe umemtafuta mwingine asiyejua habari zako. Ni kweli?

Sikukatazi kukimbia. Una miaka 55, na nimesoma yote uliyomtumia dada yako kuhusu yule Mwingereza, Ranulph Fiennes. Mwaka 2003 moyo ulimwangusha, akapasuliwa kifua, na mwaka huohuo akakimbia marathoni 7 kwa siku 7. Mwaka 2015, akiwa na miaka 71, akaimaliza hiyohiyo mbio yako, kilomita kama 250 za jangwa, chakula chake mgongoni. Mtu mzima wa namna hiyo namvulia kofia. Lakini umesoma ukaruka mahali. Daktari aliyempasua alijua anachokwenda kufanya, akamruhusu kwa sharti kwamba mapigo ya moyo yasizidi 130 kwa dakika. Na aliyekimbia naye zile marathoni 7, Mike Stroud, ni daktari. Kosa la Fiennes ni kwamba kifaa cha kupimia mapigo alikisahau nyumbani, akakimbia bila kujua moyo unakwendaje. Yeye alisahau. Wewe unakusudia.

Sasa nikwambie jambo ambalo marehemu baba yako, kaka yangu, hakutaka mlijue.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana nchi nzima walitembea kwa miguu kuliunga mkono. Mwaka huo ndipo Seti Benjamin, mmoja wa vijana hao, alipofia njiani. Mimi na baba yako tulitoka Korogwe kwenda Dar es Salaam. Tulipofika Mkata raba ilikuwa imemchubua mguu wa kulia, lengelenge limepasuka. Kiongozi wetu akautazama, akasema huyu apande lori. Unajua kaka yangu alifanya nini? Usiku alihamia kundi la watu wa Lushoto, ambao hawakuijua miguu yake. Asubuhi nikamwona mbele kabisa, anaimba. Nikanyamaza.

Siku mbili baadaye, karibu na mto Wami, nilimkuta kaketi chini ya mti, watu wamempita. Nilifungua kamba za kiatu mwenyewe. Soksi ilikuwa imeshikana na nyama, na harufu iliyotoka sijaisahau hadi leo. Nilipoivuta hakulia, alinishika bega akaniambia, "Usimwambie mtu." Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti.

Vile vidole viwili mlivyoambiwa vilikatwa na mashine ya mkonge vilikatwa hospitali, wiki hiyo. Baba yako hakufika Dar es Salaam. Niliyefika ni mimi, siku ya 9, nimebeba na mfuko wake. Tuliporudi alipigiwa ngoma, akawaacha watu waamini amefika, na kwa miaka yote ile kila sherehe yeye ndiye aliyesimamishwa asimulie. Sikuwahi kumpinga, kaka ni kaka. Lakini liliniuma, na mpaka leo naona ningepaza sauti pale Mkata angekuwa na vidole kumi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi yako alikuwa akilisema hilo kila alipouona ule mguu, nasi tukijifanya hatusikii.

Ndiyo maana nauliza tena habari ya huyo daktari wa pili. Waandaaji wa mbio wanadai cheti na kipimo cha umeme wa moyo kwa sababu katikati ya mchanga hakuna wa kuujua ugonjwa usioutaja. Umemwambia kuhusu vibomba? Umemwonyesha dawa unazomeza?

Mengine ni madogo. Viatu nunua vikubwa kidogo, miguu huvimba. Dhoruba ya mchanga ikikukuta, keti hapohapo. Mwaka 1994, katika mbio hizohizo, Mauro Prosperi wa Italia aliendelea kwenda, akaja kuonekana Algeria. Na mkeo asisikie mambo yako kwa mawifi.

Rudi kwa daktari wa kwanza. Muulize ni kipi kinamtia hofu, na ufanye nini ili aridhike, hata kama ni kungoja mwaka mwingine. Akisaini yeye, nitakuombea dua na nitawaambia watu wote hapa mtaani kwamba mwanangu anakimbia jangwani. Nipigie Ijumaa baada ya sala, uniambie amesemaje.

Baba yako mdogo,
Korogwe