Shanga za Bakteria na Usiku wa Kupika Data

Najua nimepotea. Nasikia wengine mlishaanza kusema nimedisko. Sijadisko bwana! Nilikuwa nimezama maabara na kundi letu, watu wanne, kwenye projekti ya mwaka wa mwisho. Leo nawaletea kisa chenyewe, maana kuna kitu kimenikaa rohoni na naona bora nikiseme.

Kwanza projekti. Mtindi wote mnaujua, hasa bumu likikata. Ndani yake mna bakteria hai. Baadhi yao, ukiwala wakiwa hai na kwa idadi ya kutosha, wanaleta faida mwilini. Hao ndio wanaitwa probayotiki. Sio kila bakteria wa mtindi ana sifa hiyo, lazima apimwe. Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2004 pale Mwanza kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria aliyechaguliwa maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakishirikiana na watafiti wa NIMR na wa chuo kikuu kimoja cha Kanada.

Sasa tatizo ni safari. Tumboni kuna asidi kali, pH inaweza kushuka mpaka 2 au chini ya hapo tumbo likiwa tupu. Akivuka hapo anakutana na nyongo. Ni sawa na kusafirisha nyanya kwenye lori bila tenga: zinapakiwa nzima, zinashuka rojo.

Ndipo wataalamu wakafikiria tenga. Bakteria anafungiwa ndani ya kitu kinacholiwa, na vingi vya vitu hivyo vinatoka kwenye mimea: wanga, pektini ya maganda ya machungwa, gundi ya mgunga, protini ya soya. Sisi tulitumia alijineti, inayotoka kwenye mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989 ni wa jamii nyekundu, unatoa karajinani. Nayo inafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo wale kina mama wa Paje na Jambiani wamo kwenye hadithi hii.)

Kazi yenyewe ni tamu kuiangalia. Unayeyusha alijineti kwenye maji, asilimia 2 hivi, inakuwa nzito kama mlenda. Unachanganya bakteria na wanga kidogo wa mahindi. Unavuta kwa bomba la sindano, halafu unadondosha tone moja moja kwenye maji yenye kloridi ya kalsiamu. Tone likigusa tu, kalsiamu inazishika nyuzi za alijineti na kuzifunga pamoja, unapata kipunje cheupe, cha mviringo, kinadunda. Tukaviita shanga. Mnajua jinsi jina hilo lilivyotuletea utani bwenini, tusiendelee.

Jaribio lilikuwa na sahani nne. Ya kwanza, bakteria walio uchi, bila asidi. Ya pili, walio uchi waliokaa saa 2 kwenye asidi ya pH 2. Ya tatu, shanga bila asidi. Ya nne, shanga zilizokaa kwenye asidi saa 2 zilezile. Baada ya hapo tunatikisa kila kitu kwenye maji ya chumvi, tunapanda kwenye sahani, tunaweka kwenye joto la nyuzi 37 siku mbili, tunahesabu koloni. Tulitegemea sahani ya nne ijae, tupige picha, tupate A, twende zetu.

Tukafungua. Sahani ya kwanza imejaa. Ya pili koloni moja. Ya tatu koloni mbili. Ya nne sifuri.

Jamani, sifuri! Na prezentesheni ni kesho yake saa 3 asubuhi.

Usiku ule tulikaa kwenye veranda ya hosteli, kimya kama msibani. Jamaa yetu mmoja, tunamwita Daktari, akasema, "Wanangu, hii tunaipika. Ya tatu andika 120, ya nne andika 95. Nani atakuja kuhesabu?" Nisijifanye malaika hapa. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Niliandika 120. Nikaandika na 95. Na nikaona zimekaa vizuri kabisa.

Aliyetuharibia ni dada mmoja wa kundi, mpole, muda wote maabara anaosha vyombo tu. Alisema kwa sauti ndogo, "Kama mnapika, naomba jina langu mlitoe." Basi. Hakugombana wala hakuhubiri. Akaenda kulala.

Tulibaki tunatazamana. Daktari akaguna. Mimi nikachukua kifutio, lakini nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino, ikabidi nichane ukurasa na kuandika upya: 2 na sifuri.

Asubuhi tukasimama mbele za watu na sifuri yetu. Nilijisikia kama nimesimama bila shati. Lekcha hakusema kitu. Aliyeongea ni mzee wa maabara, amekaa nyuma na koti lake limefifia rangi. "Vijana, hebu nirudishieni ile sahani ya tatu. Shanga hizo hazikuonja asidi, sio?" Ndiyo mzee. "Sasa nani aliwaua?"

Ukumbi kimya. Akauliza tena, "Mlizivunja vipi?"

Hapo ndipo tulipojiona. Hatukuzivunja! Maji ya chumvi hayazifungui shanga za kalsiamu zikayeyuka. Bakteria walikuwa humo ndani wamefungiwa, na sisi tunahesabu waliovuja tu. Shanga nzuri inatakiwa ivumilie asidi, halafu ifunguke utumbo mdogo, ambako asidi imepungua na kuna vitu vinavyoivuta kalsiamu, kama fosfati. Maabara kazi hiyo unaifanya kwa sitrati ya sodiamu: inachukua kalsiamu, shanga inalegea, wakazi wanatoka. Sisi tulijenga nyumba tukasahau mlango.

Tukapewa wiki moja turudie. Safari hii tukatumia sitrati. Walio uchi baada ya asidi: koloni 3. Walio kwenye shanga: 61. Niliwahesabu mara tatu, mkono unatetemeka. Ni jaribio moja, halithibitishi dunia nzima, na shanga za alijineti zina vitundu, asidi bado inapenya. Ndiyo maana watafiti wanazipaka tabaka la juu au kuchanganya vitu vingine. Lakini 61 ni zetu, hatukuzipika.

Kinachonisumbua ni hiki. Tungeipika sahani ya nne, lazima tungeipika na ya tatu ili zifanane. Na ile ya tatu ndiyo iliyokuwa na jibu. Tungefuta ushahidi kwa mikono yetu, tukapata A, tukatoka bila kujua kitu.

Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Najua kuna mtoto ataniletea jibu la praktiko lisilofanana na la kitabu, anataka kudesa la jirani. Sekondari mimi niliambiwa, "Andika la kitabu, muda umekwisha." Mimi nitamuuliza lile swali la mzee: hebu nionyeshe, ulizivunja vipi?

Yule dada jina lake limebaki kwenye ripoti. Tumeliweka la kwanza.

Haya, ngoja niwahi foleni ya wali. Kazi kwenu.